Mwembe wa Kubebesha na Swali la Asili

Mwembe wa ngowe uliobebeshwa una mizizi ya mti mmoja na matawi ya mwingine. Chini ni mche ulioota kwenye kokwa la embe lolote, mara nyingi la kienyeji. Juu ni kikonyo kilichokatwa kwenye ngowe iliyokwisha kuzaa. Je, huo ni mti gani?

Mche ukifikia unene wa penseli hukatwa kichwa na kupasuliwa kidogo. Kikonyo huchongwa kama kabari, kikachomekwa kwenye mpasuko, ganda likutane na ganda angalau upande mmoja, kisha hufungwa kwa utepe wa nailoni. Baada ya wiki chache macho hufumbuka. Kovu la kiungo hubaki kwenye shina kwa miaka.

Kuujua mwembe ni rahisi: jani likifikichwa hunukia utomvu, na majani machanga huwa na rangi ya shaba. Kuijua aina ndiyo kazi, na wengi hungoja mpaka uzae. Yesu naye, katika Mathayo 7, anawapima manabii wa uongo kwa matunda. Kwa kipimo hicho mti huu ni ngowe, mizizi haina neno.

Paulo huelekea kwingine. Katika Warumi 11 anawafananisha waumini wasio Wayahudi na matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa kwenye mzeituni wa shambani, na kuwaonya wasijivune, kwa kuwa wanabebwa na shina. Kwa kawaida mkulima hafanyi hivyo, maana tawi la mwitu huzaa matunda yake yale yale popote liwekwapo. Paulo analijua hilo. Mwenyewe anasema ni kinyume cha asili. Hoja yake imesimama hapo hapo: neema hutenda kisichowezwa na kisu.

Basi hawapingani. Yesu anauliza mti unazaa nini, Paulo anauliza unaishi kutokana na nini. Shambani majibu yote mawili ni kweli: embe ni la tawi, maji na chakula cha ardhini ni vya mizizi. Mizizi yaweza kuufupisha mti au kuusaidia kustahimili udongo mbaya, lakini haiigeuzi ngowe kuwa aina nyingine kama dodo.

Hata hivyo mizizi nayo haijasahau asili yake. Hutoa machipukizi chini ya kovu, na yakiachwa huisonga ngowe hadi ife, mwenye shamba akabaki na embe asilolipanda. Anayenunua mche akague kovu kwanza, na kila kinachochipua chini yake akikate mapema.