Uaminifu kwa Nani? Suala la Kimaadili katika Kuhamisha Futuhi ya Televisheni hadi Filamu

Utangulizi

Futuhi ya mfululizo inayopendwa inapogeuzwa kuwa filamu ndefu, swali la kwanza ambalo wahakiki na watazamaji huuliza ni lile la uaminifu: je, filamu imeitendea haki kazi asilia? Aghalabu swali hili hushughulikiwa kana kwamba ni la kifani tu. Huulizwa kama waigizaji ni wale wale, kama mandhari yamebaki yalivyokuwa, na kama mizaha ina ladha ile ile ya awali. Makala haya yanadai kwamba chini ya swali hilo la kifani limo swali zito zaidi la kimaadili: uaminifu huo ni haki ya nani? Mwandishi anaweza kuudai kwa kuwa ndiye aliyewaumba wahusika. Hadhira nayo inaweza kuudai kwa kuwa iliwakaribisha wahusika hao nyumbani wiki baada ya wiki. Yamkini hata wahusika wenyewe wana dai lao. Ingawa ni viumbe vya kubuni, namna wanavyosawiriwa huathiri jinsi watu halisi wanaofanana nao wanavyotazamwa. Madai haya matatu hayapatani daima, na ni katika kutopatana kwake ndipo tatizo la kimaadili linapozuka.

Mjadala utajikita katika vichekesho vya Uingereza, kwa kuwa huko katika miaka ya 1970 zoezi hili lilikuwa karibu kaida. Hadhira ya sinema ilikuwa imepungua sana kutokana na kuenea kwa televisheni, na watayarishaji wa filamu walitafuta kazi ambazo tayari zilikuwa na wapenzi. Hivyo basi zilitokea filamu za Dad's Army na On the Buses mwaka 1971, Steptoe and Son mwaka 1972, Are You Being Served? mwaka 1977 na Porridge mwaka 1979. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Hata hivyo, kazi iliyozaliwa na tamaa ya fedha inaweza kuibua swali ambalo muumba wake hakulikusudia.

Mhusika Asiyebadilika

Msingi wa futuhi ya mfululizo ni marejeo. Kila kipindi huanza kwa hali iliyotulia, hali hiyo ikavurugwa, kisha mwishoni mambo yakarudi yalivyokuwa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na kaida hii. Abunuwasi humshinda sultani leo, na katika hadithi ifuatayo akawa maskini yule yule mwenye hila, kana kwamba ushindi wa jana haukutokea. Fisi hudanganywa na Sungura katika ngano baada ya ngano, wala hajifunzi. Msikilizaji hamhurumii Fisi kwa sababu anajua kwamba kesho atamkuta mzima, mwenye njaa na mpumbavu vilevile.

Marejeo haya yana kazi ya kimaadili. Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotoka mwaka 1900, alishikilia kwamba kicheko huhitaji moyo ufe ganzi kwa muda, kwani mtu hawezi kucheka na kuhurumia kwa wakati mmoja. Katika futuhi ya mfululizo, marejeo ndiyo yanayoleta ganzi hiyo. Mtazamaji huruhusiwa kucheka masaibu ya mwenzake kwa kuwa ameahidiwa, bila kuambiwa, kwamba hakuna dhara litakalodumu.

Hata hivyo, ipo tofauti kubwa kati ya Fisi wa ngano na mhusika wa televisheni. Fisi hana mwili unaozeeka, ilhali mhusika wa televisheni huishi ndani ya mwili wa mwigizaji mmoja. Watazamaji wa Vitimbi nchini Kenya walimjua Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, kwa jina la Mzee Ojwang' kuliko kwa jina lake mwenyewe. Mhusika na mwigizaji walikuwa wamefungamana kiasi kwamba kumwondoa mmoja ni kumwondoa mwingine. Kwa hiyo ahadi ya marejeo ya milele, ambayo ngano huitimiza kwa urahisi, kwenye televisheni huwa ni deni lisiloweza kulipwa lote.

Filamu huja na matakwa mengine. Aristotle alitaka tamthilia iwe na kitendo kamili chenye mwanzo, kati na mwisho, na filamu ndefu kwa kiasi kikubwa imeurithi msimamo huo. Mtu aliyelipa kiingilio na kukaa gizani kwa saa moja na nusu hutarajia kuona jambo likitukia kikweli. Mhawilishaji basi hujikuta njia panda: akileta badiliko atavunja ahadi, na asipolileta hatakuwa na filamu. Wapo waliokwepa uamuzi huu kwa kubadilisha mahali badala ya kubadilisha watu. Filamu ya Are You Being Served?, kwa mfano, inawatoa wauzaji dukani na kuwapeleka likizoni katika mji wa kubuni wa Uhispania. Mizaha ni ile ile chini ya jua kali zaidi, na swali linabaki pale pale. Filamu zinazostahili kujadiliwa ni zile zilizokubali kulikabili.

Steptoe and Son: Mtego Unapoonekana

Futuhi ya Steptoe and Son, iliyoandikwa na Ray Galton na Alan Simpson na kurushwa na BBC kuanzia mwaka 1962, inahusu baba na mwanawe wanaookota na kuuza vitu chakavu jijini London. Harold, aliyeigizwa na Harry H. Corbett, anatamani maisha bora zaidi. Albert, babaye, aliyeigizwa na Wilfrid Brambell, hutumia ugonjwa, upweke na hila kumzuia asiondoke. Tangu mchezo wa kwanza kabisa msingi huu uko wazi: Harold anapakia mali yake mkokotenini ili aondoke, lakini hana nguvu za kuusogeza, na mwishowe anarudishwa ndani na baba yule yule aliyetaka kumkimbia.

Katika kipindi cha nusu saa, chenye kicheko cha watu waliokuwapo wakati wa kurekodi, kushindwa huku kunavumilika. Filamu ya mwaka 1972 inakuza jambo hilo hilo hadi likawa kitu kingine. Harold anaoa, baba anaandamana na maharusi hadi Uhispania kwenye fungate, ugonjwa wa baba unamlazimu Harold kurudi naye nyumbani, na ndoa inavunjika. Kimaudhui hakuna kigeni hapa. Kinachobadilika ni kipimo. Kilichokuwa jaribio la juma moja sasa ni ndoa ya mtu, na kicheko kilichorekodiwa, ambacho kilikuwa kikimwonyesha mtazamaji mahali pa kucheka, hakipo tena. Katika ukimya huo ganzi aliyoizungumzia Bergson inaanza kutoka, na mtazamaji anatambua kwamba kwa miaka kumi amekuwa akicheka maisha yanayoharibiwa.

Wapo watakaoiita filamu hiyo usaliti kwa kuwa inasikitisha mahali ambapo futuhi ilichekesha. Hoja hiyo ina udhaifu. Huzuni haikuongezwa na filamu. Ilikuwamo tangu ule mkokoteni uliokataa kusogea. Kama kuna kosa, ni kwamba filamu inaufichua ukweli huu kisha inaukimbilia mzaha mwingine haraka, kana kwamba inaogopa ilichokiona. Upungufu wake ni wa ujasiri.

Porridge: Wafungwa Wanaorudi

Porridge inalikabili swali kwa namna iliyo karibu zaidi na kiini chake, kwa kuwa mandhari yake ni gereza. Futuhi hii ya Dick Clement na Ian La Frenais ilionyeshwa na BBC kati ya mwaka 1974 na 1977. Ronnie Barker aliigiza Fletcher, mfungwa mzoefu, naye Richard Beckinsale akaigiza Godber, kijana anayefungwa kwa mara ya kwanza. Katika futuhi nyingine kifungo ni istiari, lakini hapa ni hukumu ya mahakama. Wahusika hurudi walipokuwa kwa sababu mlango umefungwa.

Filamu ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Clement mwenyewe, inaufungua mlango huo. Mchezo wa kandanda unaandaliwa gerezani ili kuficha mpango wa mfungwa mmoja wa kutoroka, na kwa bahati mbaya Fletcher na Godber wanachukuliwa pamoja naye. Wako nje, bila askari. Wanachofanya ni kutafuta njia ya kujipenyeza tena gerezani, maana mtoro akikamatwa huongezewa kifungo. Hapo kaida ya utanzu inageuka kuwa uamuzi wa mhusika. Marejeo, ambayo kwenye televisheni yalikuwa sharti la fomu, sasa yana sababu, hatari na gharama. Fletcher anarudi kwa kuwa amepima uhuru wa siku moja dhidi ya uhuru wa kweli ujao. Kwa namna hii filamu inaitii futuhi na papo hapo inaieleza.

Lakini upo upande wa pili. Kwenye televisheni Godber alikuwa amekwisha kuachiliwa mwaka 1977, na mwaka 1978 mfululizo wa Going Straight ulimwonyesha Fletcher akiwa uraiani. Hadhira iliyolipa kiingilio mwaka 1979 ilikuwa imekwisha kuambiwa kwamba watu hawa wako huru, nayo ilikwenda kuwatazama wakiwa wamefungwa tena. Swali hapa ni gumu: upendo unaomtaka mpendwa abaki kifungoni ili aendelee kupendeza ni upendo wa aina gani? Mlinzi wa gereza naye huwajua wafungwa wake kwa majina na hutaka kuwakuta mahali alipowaacha. Beckinsale alifariki Machi 1979 akiwa na umri wa miaka 31, kabla ya filamu kuonyeshwa. Watazamaji walimwona kijana akirudi salama mahali pake, huku wakijua kwamba safari hiyo hapakuwa na kipindi kingine cha kumrudisha.

Mke Asiyeonekana

Mfano wa tatu unaipeleka hoja mbele zaidi. Katika Dad's Army ya Jimmy Perry na David Croft, iliyorushwa kati ya mwaka 1968 na 1977, Kapteni Mainwaring ni meneja wa benki anayeongoza kikosi cha mgambo katika mji mdogo wa pwani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mkewe, Elizabeth, hutajwa mara kwa mara lakini sura yake haionyeshwi kamwe. Mtazamaji humjua kupitia hofu ya mumewe peke yake. Mzaha huu ulikuwa na uzito wake, kwani mwanamume anayetoa amri kwa kila mtu alidhihirika kuwa mpweke na mnyonge nyumbani.

Filamu ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Oliver Parker, inampa Elizabeth mwili na sauti kupitia Felicity Montagu, naye anaonekana akiwaongoza wanawake waliojitolea jeshini. Kwa mpenzi wa futuhi asilia huu ni uvunjaji wa ahadi. Kile ambacho kila mtazamaji alijichorea mwenyewe kimechorwa na mtu mwingine, na hakiwezi kufutwa. Hasara hiyo ni ya kweli, wala haifai kupuuzwa.

Pamoja na hayo, lazima iulizwe ni nani aliyelipia mzaha huo. Kwa miaka tisa mke huyu alihukumiwa bila kusikilizwa, na ushahidi wote ukatolewa na mumewe. Ikiwa hadhira ina haki ya kudai futuhi ibaki kama ilivyo, je, haki hiyo inafika hadi kudai kimya cha mwingine kiendelee milele? Makala haya yanashikilia kwamba haifiki. Mazoea hayazai haki ya aina hiyo. Jambo hili linaonekana waziwazi zaidi katika Till Death Us Do Part. Mwandishi wake, Johnny Speight, alikusudia kuudhihaki ubaguzi wa Alf Garnett, lakini wapo watazamaji waliompenda Alf kwa sababu ya ubaguzi huo huo. Mhawilishaji anayeapa kuwa mwaminifu kwa hadhira hana budi kujiuliza ni kwa sehemu ipi ya upendo wake.

Hata hivyo, kumwonyesha aliyefichwa hakutoshi. Mke wa Mainwaring akipewa sura bila kupewa nia, matamanio na makosa yake mwenyewe, atakuwa ametolewa katika ukimya mmoja na kutiwa katika mwingine. Filamu itakuwa imepoteza nguvu ya kutokuwapo kwake bila kupata utu wake.

Hitimisho

Mifano hii inaonyesha kwamba uaminifu wa mhawilishaji hauwezi kupimwa kwa kuhesabu yaliyobaki na yaliyoondolewa. Futuhi ya mfululizo husimama juu ya mapatano kwamba wahusika watarudi walipokuwa, na mtazamaji atacheka bila kudaiwa. Filamu, kwa kuwa ina mwisho, huyavunja mapatano hayo ipende isipende. Kinachobaki mikononi mwa mhawilishaji ni namna ya kuyavunja. Steptoe and Son iliiona gharama ya kicheko ikageuka upesi. Porridge iliikabidhi gharama hiyo kwa wahusika wenyewe waipime. Dad's Army ya mwaka 2016 ilimtoa hadharani mtu aliyekuwa akiilipa, ikaacha wazi swali la alichopewa baada ya kutolewa.

Suala hili haliko mbali na Afrika Mashariki. Atakayetaka siku moja kuipeleka Vitimbi sinema atakutana na madai yale yale. Itambidi aamue kama Mzee Ojwang' anaweza kuwa na mwili mwingine, na kama ugomvi wa nyumbani uliochekesha kwa miaka mingi utaendelea kuchekesha ukipewa mwanzo, kati na mwisho. Watazamaji watamwuliza kwa nini amewabadilishia watu wao. Atakuwa na haki ya kuwauliza, naye, walikuwa wakicheka nini.