Chupa Haina Ulimi

Katika soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, chupa ya plastiki haifi upesi. Leo imebeba maji ya kunywa. Kesho imejaa mafuta ya mawese, asali au munkoyo. Keshokutwa imesimama kando ya barabara na esansi ya pikipiki. Ni vema kitu kisipotezwe bure. Lakini twauliza: mtu aipaye chupa kazi mpya, je, hana wajibu kwa yule atakayeishika baada yake?

Kwanza tujue chupa hii ni kitu gani. Imefanywa kwa plastiki ya jamii ya poliesta. Mara nyingi chini yake utaona tarakimu 1 ndani ya pembetatu. Whinfield na Dickson waliivumbua Uingereza mwaka 1941, nao hawakutafuta chupa, walitafuta uzi. Ndio uzi ambao Wafaransa waliuita Tergal, na hata leo mashati mengi ya wanafunzi yamefumwa kwa uzi huo pamoja na pamba. Viwandani hufanywa pia filamu za eksirei na mikanda ya kufungia mizigo. Chupa ilikuja baadaye: Mmarekani Nathaniel Wyeth alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1973. Kipande kifupi mfano wa mwanzi hupashwa moto, hupulizwa hewa ndani ya kalibu, nacho huvimba kuwa chupa.

Sifa zake twazijua sote. Ni nyepesi, haivunjiki, tena humwonyesha mnunuzi kilichomo. Lakini hapo ndipo penye mtego, kwa maana jicho haliwezi kila mara kupambanua maji na sumu.

Tuchukue mfano. Baba mmoja amimina mafuta ya taa katika chupa ya maji, aiweka chini ya meza. Hana nia mbaya. Jioni mtoto arudi kutoka mchezoni, ana kiu. Chupa ile aijua kwa sura. Tangu kuzaliwa ameona watu wakinywa maji humo. Je, nani amemdanganya? Baba hakutamka uwongo hata neno moja. Walakini uwongo upo: umesemwa na chupa, na aliyeifundisha ni baba.

Wengine watajibu: "Sisi ni maskini, bidoni nzuri ni ghali." Ni kweli, wala hatumlaumu mtu kwa kutumia chupa tena. Umaskini waweza kutuzuia kununua chombo kipya. Hautuzuii kufunga kitambaa chekundu shingoni mwa chupa, wala kuiweka juu, mbali na mikono midogo. Tena chupa iliyobeba sumu isirudi kamwe kubeba chakula, hata ikioshwa mara saba. Na mtoto akimeza mafuta ya taa au esansi, asitapishwe; apelekwe hospitali mara moja, na chupa iende naye, mganga aone ni kitu gani.

Na yule atupaye chupa mferejini? Huyu naye asema, "Imekwisha." Kwake imekwisha. Mvua kubwa zikinyesha, chupa yaelea, yakutana na nyingine, mfereji waziba, na maji yaingia nyumbani kwa mtu wa bondeni ambaye hata hakuinywa. Kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017 Serikali ilikataza mifuko ya plastiki. Lakini hakuna amri iwezayo kusimama kando ya kila mfereji usiku na mchana. Dhamiri yaweza.

Basi, ndugu wasomaji, kitu kikitoka mkononi mwetu hakijatoka katika wajibu wetu. Mwenzetu atakayekishika hatuoni, na chupa haitamwonya kwa niaba yetu. Jioni hii, kabla taa haijazimwa, kila mmoja wetu ainame atazame chini ya meza yake.