Foleti katika Unga wa Wote

Foleti ni vitamini ya kundi B ambayo mwili huihitaji ili kutengeneza chembe mpya na damu. Ikipungua kwa mama mwanzoni mwa ujauzito, mtoto yumo hatarini kuzaliwa na mgongo wazi. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, na wakati huo wanawake wengi hawajajua kuwa wana mimba. Vidonge vya kliniki vinavyoanzwa mwezi wa tatu au wa nne husaidia damu ya mama, lakini mgongo wa mtoto umekwisha kuumbika.

Ndiyo maana Marekani, tangu 1998, inalazimisha unga wa ngano uliorutubishwa uongezwe asidi ya foliki, yaani foleti ya kutengenezwa, mikrogramu 140 kwa kila gramu 100. Tanzania na Kenya nazo zinavitaka viwanda vya unga kufanya hivyo. Je, dola ina haki ya kutia kirutubishi katika chakula cha kila mtu, hata cha mzee asiyetarajia mtoto?

John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kuwa mtu asilazimishwe kwa faida yake mwenyewe, ila kwa kuzuia madhara kwa wengine. Hapa mimba ya huyo mwingine bado haijatungwa siku mkate unapoliwa. Na mzee ana hoja nzito: asidi ya foliki nyingi yaweza kuficha upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa vitamini B12, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Jibu lake limo katika kipimo, kwa kuwa kinachotiwa katika unga ni kidogo.

Wapo wasemao kila mwanamke ajichagulie. Lakini kuchagua kunataka kujua mapema, na mimba nyingi huja bila kupangwa. Mchicha, kunde na maharage vina foleti, ila mchicha ukichemshwa na maji yake yakamwagwa, sehemu kubwa ya foleti huenda na maji hayo. Hiari inayokuja baada ya siku 28 haimsaidii mtoto. Kwa hiyo sheria hiyo ni ya haki, ingawa haijatimia: familia inayosaga mahindi yake kwenye mashine ya kijijini hula unga usioongezwa chochote. Serikali iliyokubali wajibu huo kwa mnunuzi wa dukani inawiwa na familia hiyo pia.