Nukta Isiyo na Njia

Dereva mmoja kijana alitoka Tunduma jioni ya Januari, Fuso limejaa mbolea ya wakulima wa Isansa. Alipoiacha lami mvua ikashuka, mtandao ukakata. Kwenye kioo cha simu ikabaki nukta ya buluu katikati ya weupe mtupu.

Utingo akaona taa kando ya njia. "Kaka, tusimame tuulize."

"Tuulize nini? Setilaiti inatuona. Imebaki kilomita moja tu."

Kwenye njia panda akakata kushoto. Hawakufika mbali, magurudumu ya mbele yakadidimia, Fuso likalala ubavu, mifuko ikaingia majini. Kulipokucha, mbolea ilikuwa imeyeyuka.

Mzee mmoja akawakuta, jembe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njia hii tuliihama daraja liliposombwa. Taa yangu ilikuwa inawaka. Mbona hamkubisha hodi?"

Kijana aliinamisha kichwa. Simu haikumdanganya: ilimwonyesha alipo. Ya mbele yalijulikana na mwenye taa.

Kisa hiki kina funzo hata kwa wataalamu. Mawimbi ya GPS hutoka kilomita zipatazo 20,200 juu, hufika yakiwa dhaifu, na mtambo mdogo huweza kuyavuruga. Juni 2025, karibu na Mlango wa Hormuz, meli zilizokuwa baharini zilionekana kwenye ramani zikiwa nchi kavu. Ndiyo maana Uingereza na Australia wanajaribu vipimo vya kwanta: atomi hupozwa kwa miale ya leza, huachwa zianguke, na mwendo wa kuanguka kwake huonyesha nguvu ya mvutano wa ardhi mahali hapo. Hata huku kwetu, miamba ya kale ya Mbozi ni mizito kuliko mashapo yaliyojaza bonde la Rukwa, na tofauti hiyo ya mvutano hakuna mtambo wa kuivuruga.

Lakini kipimo hicho hutoa namba tu. Namba hiyo ni bubu mpaka ilinganishwe na ramani ya mvutano iliyochorwa mapema, na watu waliotembea wakipima kilima kwa kilima. Pasipopimwa, chombo cha mamilioni kitakuwa nukta ileile kwenye weupe uleule.

Basi tuipime nchi yetu kabla ya kununua chombo. Nawe dereva, usiku wa mvua ukiiona taa, simama ubishe hodi. Kuuliza si ujinga.