Niya Njema Haitoshi Barabarani

Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi huweza kuharibu mishipa ya damu ya retina, na mingine mipya, dhaifu, huota na kuvuja damu ndani ya jicho. Daktari huzuia hilo kwa kuchoma kwa leza madoa madogo pembeni mwa retina, mara nyingi zaidi ya elfu moja. Palipochomwa hapaoni tena, ila kitovu cha jicho, ambacho mtu husomea na kutambulia sura, husalimika. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani miaka ya 1970 ulithibitisha kwamba tiba hii hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uoni kabisa au karibu kabisa. Mwenye kuikataa anajidhulumu. Lakini aliyetibiwa akishika tena usukani, je, anayo haki ya kujiamulia peke yake kwamba anaona vya kutosha?

Nasema hana, wala simshuku kuwa mwongo. Pengo la pembeni halionekani kama doa jeusi. Ubongo hulijaza kwa kukisia, naye aliyepungukiwa huapa kwa moyo safi kwamba haoni tofauti. Dini zetu huyapima matendo kwa niya, na ni sawa, lakini niya hiyo haimwoni mwendesha baiskeli anayetokea kando. Uingereza imelielewa jambo hili: aliyepigwa leza macho yote mawili analazimika kuiarifu mamlaka ya leseni, DVLA, na uwanda wake wa kuona kwa upana lazima ufikie angalau nyuzi 120. Kusoma namba ya gari mita 20 mbele, sharti lililozoeleka zaidi nchini humo, hupima kitovu tu, yaani sehemu ileile ambayo leza iliiokoa.

Atakayepinga atauliza: na dereva wa lori anayelisha familia kwa leseni hiyo? Hoja hii ni nzito, lakini haki ya kutafuta riziki haijawahi kumruhusu mtu kuweka rehani uhai wa mpita njia ambaye hakuulizwa. Nzito zaidi ni hofu kwamba sheria kali itawafanya wagonjwa waikimbie tiba. Wapo watakaokimbia, na kwa ugonjwa huu kuchelewa kunaweza kuishia kwenye upofu, ambako hata swali la leseni halipo tena. Dawa ya hofu hiyo ni kumweleza mgonjwa yote kabla ya kuchomwa, pamoja na kwamba zipo sindano za jicho zinazohifadhi zaidi uoni wa pembeni, ingawa humtaka arudi hospitali mara kwa mara na asikose. Kumbuka pia kwamba wengi waliopigwa leza hufaulu kipimo na kuendelea kuendesha. Basi ewe uliyetibiwa, hata kama nchi yako haikudai, omba upimwe uwanda wa kuona kabla hujawasha gari.