Kukaza na Kubana

Je, kilicho imara ni kile kilichokazwa mpaka mwisho? Sidhani. Katika ndege ndogo ninazounda nyumbani, za kuongozwa kwa redio, servo, yaani kijimota kinachogeuza usukani, hufungwa kwa skrubu nne zinazopita katika vipira. Ndani ya kila kipira mna kibomba cha shaba, ili skrubu ikome kabla haijakigandamiza kupita kiasi. Kipira kikibanwa, mtetemo wa injini huichakaza servo. Kikilegea, usukani hautii, na chini wapo watoto wa watu.

Ndivyo yalivyo malezi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; hawakusema mvunje. Mzazi naye ajiwekee mpaka wa kukoma kabla hajakasirika, kwani akishakasirika hauoni.