Mhadhara Usio na Mshindi

Katika pwani yetu neno "mhadhara" lina kumbukumbu yake. Wengi wetu tukilisikia tunakumbuka mihadhara ya dini ya viwanjani: kipaza sauti, vitabu vimefunguliwa mezani, Mkristo upande huu, Mwislamu upande ule, na umati unaosubiri kuona nani atashindwa. Watu walikwenda kusikiliza, lakini wachache walikwenda kujifunza. Kwa hiyo mtaalamu wa viumbe vya bahari anapofika katika kijiji kama Tongoni, kilomita zipatazo 20 kusini mwa jiji la Tanga, akawaita watu kivulini awaeleze habari za samaki, huo ni mhadhara wa namna nyingine. Hapa hakuna upande wa kushinda. Linalobaki ni swali gumu zaidi: tukishaisikia kweli, tunadaiwa nini?

Tuchukue mfano wa silikanti. Kwa muda mrefu wanasayansi waliijua jamii ya samaki huyu kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, ya kale zaidi yakiwa na umri wa miaka milioni 400 hivi, wakaamini kwamba ilitoweka pamoja na dinosaria. Ndipo Desemba 1938 chombo cha uvuvi kikamleta mmoja bandarini East London, Afrika Kusini, naye Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho la mji ule akatambua kwamba huyu si samaki wa kawaida. Kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania nao walianza kumnasa, wengi katika maji ya Tanga, kwenye majarife yaliyotegwa kilindini kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Wako waumini wanaosikia tarakimu ya miaka milioni 400 kama shambulio dhidi ya imani. Sisi hatuoni hivyo. Katika Kitabu cha Ayubu, Mungu hampi Ayubu maelezo. Anamuuliza maswali juu ya misingi ya dunia na vilindi vya bahari. Na mwisho wa kitabu wanaokemewa ni rafiki zake, wale waliokuwa na jibu la kila jambo. Anayesema "sijui, nifundishe" yuko karibu zaidi na Ayubu kuliko na rafiki zake. Tena tuone jinsi wanasayansi walivyofanya mwaka ule wa 1938. Walikuwa wamefundisha kwamba samaki huyu hayupo, wavu ukawaonyesha kwamba yupo, wakafuta walichoandika. Sisi tunaohubiri toba tungefurahi kuiona toba nyepesi namna hiyo makanisani mwetu.

Lakini elimu haishii katika kustaajabu. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa waliochunguza magamba ya silikanti walieleza kwamba samaki huyu anaweza kuishi miaka 100 hivi, na kwamba huenda hubeba mimba kwa miaka mitano. Nyama yake ina mafuta mengi na haifai kuliwa. Basi anayekufa ndani ya jarife hamfaidii mtu yeyote, na pengine alizaliwa kabla ya babu wa mvuvi aliyemvuta. Kabla ya kuyajua hayo, mvuvi alikuwa amenasa samaki asiye na bei. Baada ya kuyajua, amebeba jambo moyoni. Ndivyo ilivyo pia kwa baruti: aliyeelezwa kwamba matumbawe ni viumbe hai, na kwamba ndiyo nyumba ya samaki watakaovuliwa na wanawe, hawezi tena kusema amevunja mawe tu. Mtume Yakobo anatufundisha kwamba kulijua jema na kuliacha nako huhesabiwa dhambi. Kujua kunaongeza deni.

Hapo ndipo mvuvi anaweza kuinuka na kuuliza: "Nikiliacha jarife, watoto wangu watakula nini?" Swali hilo lisiitwe ukaidi. Kweli inayosemwa na mwenye mshahara kwa mwenye njaa inabaki kuwa kweli, ila uzito wake unaangukia mabega ya mmoja. Yesu aliwakemea walimu waliowatwika watu mizigo ambayo wao wenyewe hawakuigusa hata kwa kidole. Kwa hiyo anayeleta elimu naye ana deni: abaki hadi maswali yaishe, arudi tena, asaidie kutafuta njia nyingine ya riziki, na asikilize. Mvuvi anajua mikondo, bamvua na maji mafu, na mahali wavu unapokwama. Mhadhara usiompa nafasi ya kusema ni tangazo tu.

Kanisa lifanye nini? Lisiwe kipaza sauti cha mtaalamu, wala lisiwe ukuta wa kujikinga naye. Litoe uwanja wake na viti vyake, liwaalike majirani Waislamu kama wenyeji wenza, maana bahari haikugawanywa kwa dini, na magofu ya msikiti wa kale pale Tongoni, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, yanatukumbusha ni nani waliotutangulia kuishi kwa riziki ya bahari hii. Kisha, wageni wakishaondoka, wachungaji na wazee wakae na wavuvi na kuuliza pamoja: tulichosikia kinamdai nani, na gharama yake tutaigawanaje?

Wazee walisema elimu ni bahari. Bahari ina haki ya kuogopwa kidogo, lakini hakuna aliyelishwa nayo kwa kubaki ufukweni, wala aliyeivuka salama kwa kuwaacha wenzake wapige makasia peke yao.